Akili mnemba imeipa picha yake hela yote, lakini wateja wamenunua kupitia picha ya simu. Wazoefu wa matangazo naomba mnieleweshe

#1 Binti wa Hombolo
Wakuu, habari za jioni.

Nauza zabibu hapa Dodoma mjini. Shamba ni la mama, lipo Hombolo. Kazi yangu ni kutafuta wateja mtandaoni na kuwapelekea mzigo kwa bodaboda: Kisasa, Ilazo, Area D, hadi Mtumba kwa watu wa maofisini. Mwezi uliopita niliweka tangazo la kulipia kwenye mtandao mmoja wa kijamii, 10,000 kwa siku, siku sita. Nilipandisha picha mbili ndani ya tangazo moja ili mfumo uchague wenyewe ipi ionyeshwe zaidi.

Picha ya kwanza nimeipiga kwa simu shambani: mkono wa mama umeshika kichala, pembeni kreti la njano, chini udongo wetu. Ya pili nimetengenezewa na akili mnemba: zabibu za kijani, kubwa, zina matone ya maji, nyuma vilima vya majani mabichi. Ni nzuri, hilo sikatai.

Matokeo haya hapa. Picha ya mashine imekula 52,000, imeleta meseji 61, wamenunua watu 4. Picha ya simu imekula 8,000, meseji 9, wamenunua watu 5.

Mfumo unaosifiwa kwa kujua picha inayofaa umewezaje kumwaga hela yote kwenye picha isiyouza? Au nimesoma vibaya? Mama ameniuliza hela imekwenda wapi na sina jibu la kumpa.

#2 Konda wa Sabasaba
Ngoja wajuzi waje. Nimeshavuta kiti.

#3 Fundi Grafiki Makole
Dada, tuanze na hesabu yako kabla ya kuilaumu mashine. Picha ya kijani: 52,000 gawanya kwa 61, kila meseji imekugharimu kama 852. Picha ya mama: 8,000 kwa 9, kama 889. Ulipoweka tangazo ulichagua lengo gani? Kama ulichagua meseji, mashine imetafuta meseji, na kwa meseji picha ya kijani ilikuwa nafuu kidogo. Haijui kwamba baada ya meseji kuna mtu anauliza bei, anajibiwa, kisha anatoa hela au anapotea. Mauzo yako yanafanyika kwenye maongezi na kwenye simu ya kupokelea malipo. Huko haioni.

Sasa gawanya kwa wanunuzi: picha ya kijani 13,000 kwa kila mtu aliyenunua, picha ya mama 1,600. Hesabu hiyo unayo wewe peke yako, kwenye daftari.

#4 Ngosha Nkuhungu
Mimi naona tatizo ni maneno. Uliandika bei juu ya picha ya mama? Facebook picha ikiwa na maneno zaidi ya asilimia 20 wanaibana isionekane.

#5 Kijana wa Bahi Road
@Ngosha mkuu, hiyo imepitwa. Kanuni ya asilimia 20 waliiondoa 2020. Bado wanashauri maneno yasiijaze picha, ila hawaibani kwa sababu hiyo.

#6 Ngosha Nkuhungu
Sawa mkuu, nimejifunza. Lakini swali langu liko palepale, bei iliandikwa au haikuandikwa?

#7 Binti wa Hombolo
Ya mama niliandika "kilo 4,000" kwa herufi nyeupe. Ya mashine haina maneno. Niliiomba iandike, ikaleta "ZABIIBU ZA DODMA", nikafuta.

#8 Fundi Grafiki Makole
Basi @Ngosha umepatia bila kujua. Aliyeandika meseji kupitia picha ya mama alishaiona 4,000 na ameikubali. Aliyepitia picha ya kijani hajui bei, anaingia kuuliza. Meseji 61 humo kuna wauliza bei wengi. Bei ikiwa juu ya picha hufukuza watu, na wanaobaki ndio wenye hela mkononi. Mashine inayohesabu meseji itaichukia picha yenye bei kila siku.

#9 Takwimu Ng'ong'ona
Nasoma takwimu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), naomba niongeze jambo linalotangulia hayo yote.

Mfikirieni mtu mwenye ndoo moja ya maji na vitalu viwili vya miche, mwezi wa kumi, jua la Dodoma mnalijua. Kila asubuhi anamwagilia zaidi kitalu kilichochipua zaidi jana. Siku ya kwanza kimoja kimetoa miche miwili, kingine mmoja. Kesho kile cha miwili kinapata maji mengi, kinachipua tena, keshokutwa kinapata mengi zaidi. Siku ya nne cha pili kimekauka, na hutajua kama mbegu zake zilikuwa mbovu au kilinyimwa maji.

Hesabu za namna hii si ngeni. Mtafiti William Thompson aliziandika 1933 akiwaza wagonjwa na dawa mbili: utawapaje wagonjwa wengi dawa inayoelekea kuwa bora bila kungoja jaribio liishe? Mitandao haituwekei wazi hesabu zake zote za ndani, lakini tabia ya kuegemea upande mmoja mapema inaonekana kwenye hela ya dada, 52 kwa 8.

Kuhusu watu 5 kati ya 9 na 4 kati ya 61: namba ni ndogo, lakini pengo ni pana mno kuliita bahati tupu. Ninachotilia shaka ni kama wale 9 na wale 61 ni watu wa aina moja.

#10 Kijana wa Bahi Road
Inawezekana pia tangazo halikumaliza kipindi cha kujifunza. Kwa Meta, wenye Facebook, mfumo unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ndipo utulie. Kabla ya hapo namba zinayumba.

#11 Takwimu Ng'ong'ona
@Kijana, 61 na 9 ni 70, tena kwa siku sita. Kama ni kanuni hiyo, alishapita. Ila jiulize mfumo ulikuwa unajifunza nini: kutafuta watu wanaopenda kuandika meseji. Wapo watu wa aina hiyo, kila tangazo wanagusa, wanauliza, wanaondoka. Mashine ikishawapata inafurahi nao.

#12 Mtumishi Ilazo
Dada ulianza tarehe ngapi?

#13 Binti wa Hombolo
Tarehe 24. Na sasa nimeangalia vizuri: hela yote ya picha ya mama ilitumika siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya tatu ilikuwa haionyeshwi kabisa.

#14 Mtumishi Ilazo
Jibu unalo. Tarehe 24 mji huu mshahara ndiyo unaingia. Sisi watumishi siku hizo mbili tunanunua hata tusichohitaji. Picha ya mama ilikutana na watu wenye hela. Picha ya kijani ikaendelea hadi tarehe 29, kodi imeshalipwa, ada imeshatoka. Ungeweka hata picha ya mawe ya Mlima Simba tarehe 24 ungeuza.

#15 Mzee wa Kibaigwa
Wanangu, hesabu za mtandao sizijui, ila nimekaa soko la mahindi la Kibaigwa miaka mingi, na nina la kusema.

Mnunuzi akifika kwenye gunia haangalii gunia. Anachoma bambo, kile chuma cha kutolea punje ndani ya gunia, punje zinamwagikia kiganjani, anaziangalia, anauma moja kusikia unyevu. Baada ya hapo ndiyo mnaanza bei. Kwenye simu hakuna bambo. Mteja wa zabibu anatafuta kitu cha kumwonjesha kwa macho. Mkono wa mama, ule udongo, lile kreti lililochubuka, hiyo ndiyo punje kwenye kiganja. Ile picha ya matone ya maji ni gunia lililoshonwa vizuri. Watu wanaligusa na kupita.

Na tena, nani amemwambia mashine zabibu yetu ni ya kijani? Zabibu ya Dodoma ni nyeusi.

#16 Mvinyo wa Makutupora
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe ila kwa rangi nakurekebisha kidogo. Chenin Blanc ni ya kijani na inalimwa hapahapa Dodoma, isipokuwa nyingi inaishia kwenye mvinyo. Makutupora Red ndiyo imebeba hata jina la kwetu. Ya kula inayouzwa barabarani, hapo uko sahihi, macho ya mji huu yamezoea nyeusi yenye mbegu.

#17 Mzee wa Kibaigwa
Marahaba. Nimekubali, mwanangu.

#18 Kinu cha Alizeti Singida
Naomba nitoe kisa changu maana kinafanana.

Nina kinu cha kukamua alizeti. Niliweka tangazo la mafuta, dumu la lita 20, picha nimepiga mwenyewe mlangoni pa kinu saa nne asubuhi. Sikujua kwamba chini kabisa kuna kitufe cha kuruhusu mfumo uboreshe picha wenyewe, na chenyewe kilikuwa kimewashwa. Mfumo ukaongeza mwanga. Mafuta yangu ya alizeti, yale ya rangi ya asali, yakatoka meupe kama maji. Watu wa hapa wanajua alizeti ya kukamuliwa ikoje, wakaanza kuniuliza kama nimeanza kuuza mafuta ya kutoka nje. Wengine hawakuuliza, walinyamaza tu.

Halafu kwenye zile nafasi za wima picha ilikatwa pembeni, na bei ilikuwa pembeni. Wiki nzima nimelipia tangazo lisilo na bei.

Namba za mfumo zilisema tangazo limeboreka, waliobofya waliongezeka. Wanunuzi walipungua. Nikazima vile vitufe vyote kimoja kimoja, ndipo wateja wangu wakanirudia. Siwezi kuapa kwamba ni rangi, inawezekana ni ule ukimya wa bei alioueleza Fundi Grafiki hapo #8. Lakini ushauri wangu kwa kila muuzaji humu: kabla ya kulipa, fungua kila umbo la tangazo ulitazame kwa macho yako.

#19 Konda wa Sabasaba
Mkuu wa alizeti, na kuku wa Singida unauza? Nauliza kwa heshima.

#20 Kinu cha Alizeti Singida
Kuku wapo, nitafute pembeni. Tusimharibie dada uzi.

#21 Mama Keki Area C
Jamani naona mashine inapigwa kutoka pande zote, na mimi imenisaidia, acha niitetee.

Nilikuwa naandika tangazo moja mwezi mzima: "Keki tamu kwa bei nafuu". Mtoto wangu akaniambia mama, iombe ikuandikie vichwa kumi tofauti, kila kimoja kiguse jambo lake: ladha, bei, muda, birthday, harusi, kutopika nyumbani. Nikachagua vitano nilivyoona vinaongea kama mimi, nikavirekebisha Kiswahili, nikaviweka vyote. Kilichoshinda sikuwahi kukiwaza maishani: "Umesahau birthday yake? Tunaleta leo." Mtu wa Dodoma anayefanya kazi hadi jioni anasahau siku ya mke wake. Mimi nilikuwa nauza utamu wakati watu walikuwa wanatafuta kuokolewa.

Kwa hiyo mashine haijui kuuza keki, lakini inajua kunitoa kwenye mazoea yangu. Binti, usiitupe. Itumie kwenye maneno na mawazo, picha piga mwenyewe.

#22 Nyumba Ng'ong'ona
@Mama Keki kwangu imekuwa kinyume, maneno ndiyo yameniangusha na picha hazikuwa na shida.

Napangisha vyumba kwa wanafunzi. Nikaiomba iandike, ikaleta: "Gundua uzoefu wa kipekee wa makazi yanayokidhi mahitaji yako." Nikaona Kiswahili kimenyooka, nikaweka. Kimya. Nikarudisha langu la zamani: "Chumba master, LUKU yako mwenyewe, maji yapo, hakuna dalali." Simu zikaanza siku hiyohiyo. Mwanafunzi anayetafuta chumba hana haja ya kugundua chochote. Anataka kujua kama kuna dalali.

#23 Mama Keki Area C
Ndiyo maana nilisema nilirekebisha Kiswahili. Ukiiacha inaongea kama mgeni rasmi.

#24 Mwalimu wa Kondoa
Hicho Kiswahili kina sababu. Mashine hizi zimesoma Kiingereza kingi mno na Kiswahili kidogo, tena kile cha ripoti na tafsiri. Mazungumzo ya sokoni Majengo hayakuandikwa popote zikayasoma. Dawa yake ni kuipa mifano: ibandikie matangazo yako matano yaliyowahi kuuza, uiambie iandike kwa sauti hiyohiyo. Inabadilika sana.

Na mtoa mada asante kwa kuiita akili mnemba. Wengine humu wanaandika akili bandia.

#25 Ngosha Nkuhungu
Mwalimu, mimi nilijua Mnemba ni kisiwa kule Unguja.

#26 Mwalimu wa Kondoa
Na kisiwa kipo, @Ngosha, hujakosea. Kenya wengi wanasema akili unde. Mimi nimeshikamana na mnemba kwa sababu ndiyo ninayoisikia kwenye vyombo vyetu vya habari na wanafunzi wangu wameizoea. Lugha inakua kwa kutumiwa.

#27 Binti wa Hombolo
Wakuu asanteni, nimefanya alichonifundisha Fundi Grafiki, nimefungua daftari na meseji zote 61 za picha ya kijani, nimesoma moja moja. Usiku mzima.

Waliouliza kama ni zile zisizo na mbegu au kama ni za kijani kweli: 23. Nikiwaambia ni nyeusi na zina mbegu, wanasema asante, kwisha.
Walioko nje ya Dodoma, wengi wao Dar: 14.
Waliouliza bei, nikajibu, wakanyamaza: 11.
Salamu tupu au alama ya dole: 9.
Wanunuzi: 4.

#28 Fundi Grafiki Makole
Hiyo 23 ndiyo kubwa kuliko zote. Hao hawakuwa wateja wako tangu mwanzo. Picha iliwaita watu wa bidhaa usiyokuwa nayo. Mzee wa Kibaigwa ameshinda, gunia limeshonwa vizuri na ndani kuna kitu kingine.

#29 Takwimu Ng'ong'ona
Ngoja kwanza. Ondoa hao 23 wote. Wanabaki 38, wamenunua 4. Bado ni mmoja kati ya tisa au kumi hivi, na picha ya mama ni watano kati ya tisa. Rangi imeeleza sehemu, haijaeleza yote.

#30 Abiria wa Treni
Hao 14 wa Dar nadhani naweza kuwaeleza, maana na mimi ni wa aina hiyo. Ukichagua mji kwenye matangazo haya, mara nyingi linawafikia wanaoishi hapo pamoja na waliokuwapo hapo karibuni. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, mimi naja kwa kazi asubuhi na kurudi Dar. Simu yangu inaonekana ya Dodoma kwa siku chache. Nimeshaletewa matangazo ya viwanja vya Nala nikiwa nimekaa Kimara. Mashine inaniona mtu wa Dodoma, bodaboda wako hawezi kunifikia.

#31 Mtumishi Ilazo
Na picha ya mama iliyoonyeshwa siku mbili tu haikupata muda wa kuwafikia watu wa treni. Nabaki na tarehe 24.

#32 Ngosha Nkuhungu
Mtumishi, wewe kila kitu ni mshahara.

#33 Mtumishi Ilazo
Fungua duka Ilazo uone kama kuna kalenda nyingine.

#34 Kijana wa Bahi Road
Swali kwa Binti ambalo hakuna aliyeuliza. Wale watano wa picha ya mama unawajua? Isije ikawa ni majirani na watu wa kanisani waliouona mkono wakaujua.

#35 Binti wa Hombolo
Mmoja ni mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi. Wanne siwajui.

Na kuna jambo niliacha kusema mwanzoni, nimeona si haki kulificha. Kati ya wale 4 wa picha ya kijani, mmoja ni dada wa kamati ya harusi, alichukua kilo 30 kwa mpigo. Wenzake watatu jumla kilo 6. Wale watano wa picha ya mama jumla kilo 11.

#36 Fundi Grafiki Makole
Hapo umenibadilishia hesabu yote. Picha ya kijani kilo 36, ni 144,000 kwa tangazo la 52,000. Picha ya mama kilo 11, ni 44,000 kwa tangazo la 8,000. Kwa kila shilingi ya tangazo picha ya mama bado iko juu, 5.5 kwa 2.8. Lakini kwa mzigo uliotoka shambani, picha ya kijani imetoa mara tatu.

#37 Takwimu Ng'ong'ona
Na ukimwondoa yule dada wa harusi, picha ya kijani imeuza kilo 6 kwa 52,000. Mtu mmoja amebeba hukumu yote. Kwa hiyo hatuwezi kusema picha inavuta wanunuzi wa jumla, wala hatuwezi kusema haivuti.

#38 Mama Keki Area C
Watu wa harusi wanapenda picha nzuri, hilo mimi nalijua kwa keki. Anayenunulia wageni anawaza meza itakavyoonekana, anayenunulia watoto anawaza kilo 4,000. Inawezekana picha mbili zimeita watu wawili tofauti na wote ni halali.

#39 Kijana wa Bahi Road
Kwa nini usiweke picha kumi na maneno matano, mfumo uchanganye wenyewe? Meta ile njia ya kuchanganya inakubali hadi picha au video 10, na maneno na vichwa vitano vitano. Google kwenye matangazo ya utafutaji unaweka hadi vichwa 15 na maelezo 4.

#40 Takwimu Ng'ong'ona
@Kijana, piga hesabu: picha 10 mara maneno 5 mara vichwa 5 ni michanganyiko 250. Gawanya 60,000 za dada, kila mchanganyiko unapata shilingi 240. Hiyo hainunui hata swali moja. Nafasi hizo zimewekwa kwa wenye bajeti kubwa. Kwa 10,000 kwa siku, picha mbili zinatosha, tena zigawiwe hela sawa kwa kutumia jaribio la kutenganisha watu, ili mtu aliyeona moja asione nyingine. Hapo kitalu cha pili hakitanyimwa maji.

#41 Mwanasheria wa Kikuyu
Nimesoma uzi wote, naongeza moja tu. Mkiwa na hamu ya kuingiza picha kwenye mashine, msiingize picha za wateja bila ruhusa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Binti, kwa mkono wa mama huna shida kama mama ameridhia. Kwa dada wa harusi na wageni wake, omba kwanza.

#42 Binti wa Hombolo
Asante wakili. Mama ameridhia, ameuliza tu kama kucha zilionekana.

#43 Binti wa Hombolo
Wakuu nimerudi, zimepita wiki mbili. Nimefanya jaribio kama alivyoelekeza Takwimu. 5,000 kwa siku kila picha, siku nne, kila picha 20,000. Nimeanza tarehe 11 makusudi, mbali na mshahara, ili Mtumishi apate jibu lake.

Picha ya kwanza ni ileile ya mama, na bei. Ya pili sikuiomba mashine ibuni zabibu. Nimeipa picha yangu ya shambani, ikasafisha kivuli na kuondoa mfuko wa nailoni uliokuwa nyuma. Zabibu nyeusi zilezile, bei ileile juu. Mji nimeubana, na kwenye maneno nimeandika "tunapeleka Dodoma mjini tu".

Picha ya mama: meseji 14, wanunuzi 3.
Picha iliyosafishwa: meseji 19, wanunuzi 4.

Hakuna aliyeuliza za kijani. Wa Dar alikuja mmoja.

#44 Mtumishi Ilazo
Mmeona? Picha ya mama ileile, mwezi uliopita mnunuzi alipatikana kwa 1,600. Sasa 20,000 kwa watu 3, karibu 6,700. Mkono haujabadilika, tarehe imebadilika.

#45 Fundi Grafiki Makole
Au watu waliokuwa tayari kununua kupitia ule mkono walishanunua mwezi uliopita, na wengine wameshaizoea picha. Picha huchoka. Tarehe peke yake haitoshi kunishawishi.

#46 Takwimu Ng'ong'ona
Tatu na nne hazitofautiani kwa lolote, msizijengee nyumba. Ninachokiona mimi ni kwamba meseji zimekuwa chache na wanunuzi kati yao hawajapungua sana, 7 kati ya 33. Kwenye lile la kwanza walikuwa 9 kati ya 70. Sasa ni bei, ni rangi, ni kubana mji, au ni yale maneno ya kupeleka mjini tu? Dada amebadilisha vitu vinne kwa wakati mmoja. Angebadilisha kimoja kimoja.

#47 Binti wa Hombolo
Ningebadilisha kimoja kimoja zabibu zingeozea kwenye kreti, kaka. Mzigo haungoji jaribio. Zikishakatwa nina siku chache tu.

#48 Mzee wa Kibaigwa
Hapo binti umesema. Mahindi yanakaa ghalani, zabibu haikai.

Lakini hiyo picha ya kusafishwa, umeiangalia kwa karibu? Ule ukungu mweupe unaokaa juu ya tunda bado upo? Mimi huwa naangalia huo kwanza. Ukifutika najua zabibu imeshikwashikwa sana.

#49 Binti wa Hombolo
Mzee nimeikuza sasa hivi. Umefutika. Mashine imezing'arisha zote. Sikuwa nimeona.

#50 Mvinyo wa Makutupora
Dah. Mzee ana jicho. Huo ukungu ni wa tunda lenyewe, ni nta yake ya asili, na anayejua zabibu anautafuta.

#51 Kinu cha Alizeti Singida
Vilevile na rangi ya mafuta yangu. Inafuta kile ambacho mnunuzi anakitazama kwa sababu inadhani ni uchafu.

#52 Kijana wa Bahi Road
Lakini imeuza kwa watu 4, mmoja zaidi ya picha yenye ukungu.

#53 Abiria wa Treni
Binti, Jumamosi naja tena na treni ya asubuhi. Nahitaji kilo 10 za kurudi nazo Dar. Naomba picha ya mzigo wenyewe, ya leo, usiipitishe popote.

#54 Binti wa Hombolo
Nakutumia video, mama yuko shambani anakata vichala sasa hivi. Nitakungoja nje ya stesheni na kreti la njano. Kilo 4,000, kama ilivyoandikwa.